Uzi: Edd China wa Wheeler Dealers, maisha yake na kazi za gereji alizozionyesha hatua kwa hatua

MwanaGereji

Wakuu, watangazaji wa magari kwenye televisheni wapo wa aina mbili. Wapo wanaoliendesha gari na kulisifia au kulikandia, na wapo wanaolifungua. Edd China, fundi na mtangazaji wa kipindi cha Uingereza cha Wheeler Dealers, yupo kundi la pili, na kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia. Uzi huu ni wa maisha yake na kazi yake. Wanaojua ufundi waingie waeleze zile kazi kwa undani, maana kumzungumzia Edd bila kutaja boliti ni kumpunja.

Alizaliwa London tarehe 9 Mei 1971. Ni mrefu mno, kama mita 2, na ndiyo maana kwenye kipindi ulimwona amejikunja kwenye Mazda MX-5, kigari kidogo cha viti viwili, magoti yakigusa usukani. Alisoma usanifu wa bidhaa za kihandisi London South Bank University. Hili ni la kushika, kwa sababu watu wengi wanadhani alikuwa fundi wa mtaani aliyeokotwa na kamera. Alikuja na elimu ya kubuni kitu, kukichora, kukiunda na kukijaribu, na ndiyo iliyomfanya aweze kueleza kwa nini kifaa kimekufa, si kukibadilisha tu.

Jina lake lilianza kusikika kwa sofa. Yeye na mwenzake David Davenport waliunda Casual Lofa, sofa la sebuleni lenye injini ya Mini ya cc 1300, linaloruhusiwa kutembea barabarani Uingereza. Usukani wake ni sinia la piza. Lilifika kilomita 140 kwa saa na kuingia kwenye rekodi za Guinness kama samani yenye kasi kuliko zote. Mwaka 1999 akafungua kampuni yake, Cummfy Banana, ya kuunda magari ya ajabu kwa ajili ya matangazo, maonyesho na televisheni. Zikafuata ofisi yenye dawati inayotembea (rekodi ya 2006, London), kitanda kilichofika kilomita 111 kwa saa mwaka 2008, na bafu zima lililokimbia kilomita 68 kwa saa Milan mwaka 2011.

Wheeler Dealers ilianza 2003 kwenye Discovery. Mike Brewer ananunua gari lililochoka, Edd analitengeneza, Mike analiuza, faida inahesabiwa mwishoni. Gari la kwanza lilikuwa Porsche 924, na bajeti ya msimu ule ilikuwa pauni 1,000 tu. Mike naye hakuwa mgeni kwenye kamera. Alikuwa mfanyabiashara wa magari kwa kazi, na kabla ya hapo alishafanya vipindi Channel 4 miaka ya 1990, kikiwemo Driven alichotangaza pamoja na James May kabla May hajawa maarufu.

Edd alikaa misimu 13. Machi 2017 akatangaza anaondoka. Nitaacha hilo lijadiliwe chini.

Kipimo_cha_Toki

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze kitu kwenye sofa, maana watu huliona kama mchezo wakati ndani yake kuna somo zuri la ufundi.

Kwa nini Mini? Kwenye Mini ya zamani injini imelazwa kwa upana na gia boksi imo ndani ya sampu (chombo cha oili) ya injini, chini kabisa. Injini, gia boksi, difu na shafti za magurudumu ya mbele vyote vimebebwa na fremu ndogo moja ya mbele. Ukifungua boliti za fremu hiyo, ukatoa nyaya, paipu na shafti ya usukani, umepata kifurushi kizima cha kuendeshea gari ambacho unaweza kukifunga chini ya chochote. Ndiyo maana wajenzi wa magari ya ajabu Uingereza waliipenda.

Ubaya wake: kwa kuwa gia zinaogelea kwenye oili ileile ya injini, meno ya gia yanaikata oili na kuifanya nyepesi mapema. Injini ile inataka oili nzito ya 20W-50, na ibadilishwe mapema kuliko kwenye gari lenye gia boksi yake peke yake. Ukiweka oili nyepesi ya kisasa ya 5W-30, utasikia gia zinalia na presha ya oili inashuka injini ikipata moto.

BintiWaIlala

Swali kwa wataalamu. Kile kipindi kilikuwa kinaonyesha faida, mathalani gari limenunuliwa, vipuri vimenunuliwa, limeuzwa, imebaki kiasi fulani. Je, hesabu hiyo ni ya kweli kibiashara? Kuna watu hapa mjini wanataka kuanza biashara kwa kufuata mfano huo.

Spana13

Dada, hesabu ilikuwa ya kweli kwa bei ya kununua, vipuri na kazi walizopeleka nje, kama kupaka rangi au kushona viti. Kisichohesabiwa ni saa za Edd mwenyewe. Kazi yake ilikuwa bure kwenye hesabu ile.

Chukua mfano wa kufikirika. Gari limenunuliwa milioni 6, vipuri milioni 1.5, likauzwa milioni 8.5. Kwenye runinga hiyo ni faida ya milioni 1. Sasa weka saa 50 za fundi kwa shilingi 15,000 kwa saa, ni 750,000. Weka kodi ya gereji, umeme, usafiri wa kufuata vipuri, bima na gharama za kubadilisha kadi ya umiliki. Umeshaingia hasara. Anayetaka kufanya biashara hii aandike saa za fundi kwanza kabla ya vipuri, maana bei ya kipuri utaijua dukani, ila saa ndizo huvuka makadirio, na zaidi kwenye kutu na boliti zilizoganda.

Kitu kizuri alichokifanya Edd ni kuchagua kati ya kufanya mwenyewe na kupeleka kwa mtaalamu. Kuchonga silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), kupaka rangi gari zima, kushona ngozi, kutengeneza upya gia boksi ya otomatiki, hivi mara nyingi alivipeleka kwa wenye mashine. Yeye alifungua, akapeleka, akafunga. Fundi anayeng'ang'ania kufanya kila kitu hupoteza muda na ubora.

MwanaGereji

Sawa kabisa. Na hapo Edd alikuwa akienda kwa yule mtaalamu na kamera, akisimama pembeni na kuuliza. Ukiangalia vizuri, zile dakika za kwa mtaalamu zina mafunzo kuliko kozi nyingi.

Tuingie kwenye kazi zenyewe. Naanza na breki, kwa sababu karibu kila gari lililoingia kwenye ile gereji lilikuwa na kaliper iliyokwama, yaani kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski.

Kaliper ya kawaida ya pistoni moja inateleza kwenye pini mbili. Pini zikikauka grisi au mpira wake ukichanika maji yakaingia, kaliper haitelezi tena. Dalili ni pedi moja kuisha wakati mwenzake bado nene, rimu moja kuwa ya moto kuliko nyingine baada ya mwendo, na gari kuvuta upande mmoja ukikanyaga breki. Watu hubadilisha pedi tu, na baada ya muda mfupi tatizo linarudi palepale.

Utaratibu wa kuifufua: fungua kaliper, toa pini, zisafishe kwa burashi ya waya laini, paka grisi ya breki ya silikoni, badilisha mipira yake. Kama pistoni imekwama, itoe kwa upepo wa kompresa kupitia tundu la hosi, lakini weka kipande cha mbao mbele ya pistoni na vidole viwe mbali kabisa, kwa sababu hutoka kama risasi. Angalia uso wa pistoni. Ukiwa na vijishimo vya kutu sehemu inayopita kwenye sili (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji), badilisha pistoni, usiisugue kwa msasa na kuirudisha. Toa sili ya zamani kwa kijiti cha plastiki au mbao, si bisibisi ya chuma, maana ukikwaruza mfereji wake itavuja. Sili mpya ilainishe kwa mafuta ya breki yenyewe au grisi nyekundu ya mpira. Usithubutu kuweka oili ya injini au grisi ya kawaida. Oili na grisi zinazotokana na petroliamu huvimbisha mpira wa breki, na pistoni itabana ukiwa njiani.

Hamza_Kisauni

Naongezea kutoa hewa kwenye mfumo wa breki, maana ndipo wengi hukosea. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli). Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Yapo magari yenye mfumo wa breki uliogawanywa kwa mshazari, au ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame) yenye utaratibu wake, kwa hiyo kitabu cha gari kikisema tofauti, fuata kitabu.

Mmoja anakanyaga pedeli taratibu, mwingine anafungua nipo (kijiboliti chenye tundu kwenye kaliper), mafuta yanatoka, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia pedeli. Ukiachia kabla nipo haijafungwa, hewa inarudi ndani. Angalia chombo cha mafuta kila baada ya mikanyago mitano au sita, kisikauke. Kwa aina za mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ya silikoni haichanganyiki nazo. Na ndugu zangu wa pwani, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. Kopo lililokaa wazi tangu mwaka jana si la kumwekea mtu kwenye gari. Maji yakiwa mengi ndani yake, breki zikipata moto kwenye mteremko yanachemka, pedeli inazama hadi sakafuni.

Kipimo_cha_Toki

Bushi, yaani zile bomba za mpira kwenye maungio ya mikono ya magurudumu. Edd alizifanya mara nyingi sana na kuna jambo moja ambalo kila fundi mzuri huliona, na ambalo gereji nyingi za mtaani hawalifanyi.

Kutoa bushi ya zamani si lazima uwe na presi kubwa. Unatumia boliti ndefu yenye uzi mzima, washa (pete bapa ya chuma) nzito, na soketi mbili: moja ndogo kidogo kuliko ganda la nje la bushi ya kusukuma, na nyingine kubwa ya kupokea upande wa pili. Unakaza nati, bushi inatoka taratibu. Tundu unalisafisha kutu, bushi mpya unaiingiza kwa njia ileile ikiwa imenyooka. Ikianza kuingia kwa mshazari simama, itoe, anza upya, vinginevyo unakata ganda.

Sasa jambo lenyewe. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la ndani na ganda la nje. Haizunguki, inajipinda. Ukikaza boliti ya wishboni (mkono wa chini wa gurudumu) gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, umeifunga bushi katika hali hiyo ya kuning'inia. Ukilishusha gari, bushi tayari imejipinda nusu ya uwezo wake kabla hata hujaondoka. Kila shimo la barabara linaichana. Inakufa mapema na mteja anasema vipuri ni feki. Utaratibu sahihi ni kushika boliti kwa mkono tu, kulishusha gari likae kwa uzito wake (au kuinua mkono wa chini kwa jeki hadi urefu wa kawaida), ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Bushi za poliurethani ni tofauti, hizo zinazunguka kwenye bomba lake, kwa hiyo zinataka grisi inayokuja nayo kwenye pakiti. Ukizifunga kavu zitapiga kelele kila tuta.

FundiMtulivu

Mimi nitagusa gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku ya injini, kwa kuwa hapa kwetu ndiyo inayoua injini nyingi: rejeta imeziba, watu wanaweka maji ya bomba, themostati imetolewa.

Kulegeza boliti za hedi unaanza pembeni kwenda katikati, kidogo kidogo kwa awamu. Kukaza ni kinyume, unaanza katikati unatoka nje, kwa awamu zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Kabla ya kufunga, hedi ipimwe ubapa: rula ya chuma iliyonyooka, unaiweka kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, unapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwa injini ndogo nyingi za Toyota kikomo upande wa bloku ni 0.05 mm. Ikizidi, hedi iende kuchongwa, na bloku nayo ipimwe.

Mambo matatu yanayoharibu kazi. La kwanza, mashimo ya boliti kwenye bloku yakibaki na maji au oili. Ukikaza, kimiminika hakina pa kwenda, kinapasua bloku au kinakupa kipimo cha uongo cha toki. Nyonya kwa sindano, puliza kwa upepo ukiwa umevaa miwani. La pili, boliti za kukazwa kwa digrii (zinazozungushwa kwa pembe iliyopimwa) hurefuka, nyingi ni za kutumika mara moja, na zile zinazoruhusiwa kurudiwa hupimwa urefu kwanza. La tatu, kukwangua uso wa hedi ya alumini kwa patasi. Mkwaruzo mmoja kutoka kwenye njia ya maji hadi kwenye silinda unatosha kurudisha tatizo.

Na usifunge hedi mpya bila kujua kwa nini ya kwanza iliungua. Rejeta, mfuniko wake, wotapampu, feni. Ukiziruka hizo umetengeneza kazi ya kurudiwa.

BintiWaIlala

Ahsanteni. Halafu zile glavu za rangi ya chungwa alizokuwa anavaa kila siku, ni mtindo tu au zina kazi?

Spana13

Zina kazi kubwa. Ni glavu za naitraili, haziyeyuki kwa oili na petroli kama za mpira wa kawaida. Oili iliyotumika ina kemikali za mwako ambazo zikikaa kwenye ngozi miaka na miaka huongeza hatari ya saratani ya ngozi, na mafuta ya breki na vimumunyisho hukausha ngozi hadi ikapasuka. Edd aliifanya glavu ionekane kama sehemu ya vifaa vya fundi, na mafundi vijana wengi duniani walianza kuvaa kwa kumwona. Angalizo: usivae glavu ukitumia drili ya kusimama au lathi (mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka). Ikidakwa inavuta mkono mzima.

MwanaGereji

Sasa tuje 2017, maana bila hilo huwezi kumwelewa mtu huyu.

Kipindi kilikuwa kikubwa, misimu ya mwisho ilishahamia California, na uzalishaji ukawa chini ya Velocity, chaneli ya Marekani iliyo ndani ya Discovery. Kwa maelezo ya Edd mwenyewe aliyoyatoa kwa video Machi 2017, chaneli iliona kipindi ni kigumu kutengenezwa kwa muundo uleule, na njia ya kukirahisisha ilikuwa kupunguza zile sehemu za gereji zenye undani. Yeye akaona ubora utashuka na jina lake litachafuka kwa kazi asiyoiamini. Akaondoka. Watazamaji walikasirika kiasi cha kumshambulia Mike Brewer na hata kuitishia familia yake, jambo ambalo halikuwa na haki hata kidogo, kwa sababu aliyeamua kuondoka ni Edd na sababu alizieleza.

Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead, kisha kipindi kiliporudi Uingereza akaja Marc Priestley, ambaye aliwahi kuwa fundi wa McLaren kwenye Formula 1. Wote wawili ni mafundi wa kweli. Ila uamuzi wa Edd ndio ninaouheshimu: alikuwa na kazi ya uhakika, malipo na umaarufu, akaviacha kwa ajili ya dakika za gereji.

Hamza_Kisauni

Wengine wanaweza kuuliza kwa nini dakika hizo ziwe ghali. Kazi ya gereji mbele ya kamera ni tofauti na kazi ya gereji. Boliti moja inafunguliwa kwa picha ya mbali, inarudishwa, inafunguliwa tena kwa picha ya karibu, halafu fundi anaeleza, na kama sauti imeharibika anaeleza tena. Taa zinahamishwa kila akienda chini ya gari. Kipuri kikija kibaya kutoka dukani, watu wote wamesimama na wanalipwa. Boliti ikivunjika ndani ya bloku, ratiba ya siku imekufa.

Mtangazaji anayeendesha gari barabarani anamaliza sehemu yake kwa siku moja au mbili. Mtangazaji anayebadilisha klachi anahitaji siku nyingi kwa dakika chache za runinga. Mhasibu akiangalia jedwali, anajua pa kukata. Ndiyo maana vipindi vingi vya sasa vinaonyesha gari bovu, muziki unapigwa, gari linang'aa. Katikati hapo palikuwa na somo na limeondolewa.

FundiMtulivu

Niweke upande wa pili kwa haki. Vipindi vya kusafiri navyo vina ufundi ukivitazama kwa jicho hilo. Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, walipokuja huku, ile safari iliyorushwa Machi 2013, watangazaji wake Clarkson, Hammond na May walinunua steshen wagoni tatu za kizamani kwa bajeti ya pauni 1,500 kila moja: BMW 528i, Subaru Impreza WRX na Volvo 850R. Wakapita Uganda na Rwanda hadi Tanzania kutafuta chanzo cha Nile. Yalikuwa magari ya lami yaliyopelekwa kwenye tope na mawe. Kwa mtu wa ufundi, pale unaona kwa macho kinachokufa kwanza kwenye barabara zetu: matairi na rimu, shokapu, sampu, bomba la moshi. Ila hawakukaa kukueleza sili ya shokapu inakufaje. Tofauti ya Edd ilikuwa hapo.

Kipimo_cha_Toki

Tuongelee kutu kabla hatujasahau, kwa sababu magari ya Uingereza yanaoza kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na yetu ya Tanga, Mombasa na Unguja yanaoza kwa upepo wa bahari. Ugonjwa ni mmoja.

Kwanza gonga kwa bisibisi. Sehemu iliyotoboka kama biskuti ikatwe hadi ufikie bati linalong'aa, hata kama tundu litakuwa mara tatu ya ulivyodhani. Kiraka kiwe cha bati la unene uleule, mara nyingi karibu 1 mm. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kupoteza umeme, moto hautashika na chuma kitatoboka zaidi.

Kabla ya kuchomelea toa waya wa betri na plagi za kompyuta ya injini zikiwa karibu, ondoa zulia na sponji upande wa ndani, jua bomba la petroli limepita wapi, na mtu mmoja akae na mtungi wa kuzimia moto. Chomelea nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, iache ipoe, kisha rudi kati. Ukivuta mstari mrefu kwa mara moja bati linajikunja. Ukimaliza saga, paka praima yenye zinki, ziba maungio kwa silanti, paka rangi, na mwisho kabisa nyunyiza nta ya ndani kwenye mashimo ya chesisi. Hiyo nta ndiyo gereji nyingi huiruka. Kuchomelea kumeunguza kinga yote upande wa ndani usiouona, kwa hiyo kiraka kipya kisipopata nta kitaanza kuoza kutokea ndani.

BintiWaIlala

Baada ya kuondoka kwenye runinga, anafanya nini?

MwanaGereji

Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake. Akahamia YouTube na mfululizo wake wa gereji, huko hakuna wa kumkatia dakika. Mojawapo ya magari aliyoyafanyia kazi ni Outspan Orange yake, lile gari la umbo la chungwa lililotengenezwa miaka ya 1970 kutangaza matunda ya Afrika Kusini, lililojengwa juu ya chesisi ya Mini iliyofupishwa.

Na kubwa ni gari la aiskrimu la umeme. Magari ya aiskrimu Uingereza huacha injini ya dizeli ikinguruma muda wote yakiwa yameegeshwa, kwa sababu injini ndiyo inayozungusha mashine ya kugandisha. Moshi unatoka mbele ya foleni ya watoto. Edd aliondoa dizeli, akaweka mota na betri za kuendesha gari pamoja na mashine yenyewe. Machi 2020, kwenye uwanja wa Elvington, Yorkshire, likafika karibu kilomita 119 kwa saa na kuwa rekodi.

Hamza_Kisauni

Hili linatuhusu. Nairobi kampuni ya Opibus, iliyoanza 2017 na sasa inaitwa Roam, ilibadilisha magari ya safari kuwa ya umeme, na mbugani faida ya ukimya iko wazi. Kwa anayefikiria kubadilisha gari, mota na betri si mwisho wa kazi. Ni nini vingine hupotea ukiondoa injini?

Kipimo_cha_Toki

Vitu vitatu hupotea, na juu yake kuna mambo mawili ya kuangalia, uzito na usalama; ukisahau lolote gari halifai barabarani.

Servo ya breki, kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu kwenye pedeli, inategemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ya petroli, au pampu inayozungushwa na dizeli. Ukiondoa injini, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Unaweka pampu ya umeme ya kuvuta hewa, tangi dogo la akiba na swichi ya presha, pamoja na taa ya onyo kwenye dashibodi ikishindwa.

Pawa stiringi: pampu yake ilikuwa kwenye belti. Unatumia pampu ya umeme ya kutoka gari jingine au kolamu ya usukani ya umeme.

Alteneta imeondoka, kwa hiyo taa, waipa na honi vinahitaji kigeuzi cha kushusha umeme wa betri kubwa hadi volti 12 na kuchaji betri ndogo. Betri ndogo ibaki, usiitoe, kwa kuwa ndiyo inayowasha kontakta kuu, swichi inayoruhusu umeme wa betri kubwa kupita.

Uzito: betri zikikaa nyuma, springi za nyuma, breki na presha ya tairi vyote vipimwe upya, na uzito wa jumla usivuke ulioandikwa kwenye chesisi.

Usalama wa umeme mkubwa: toa plagi ya kukatia umeme, subiri kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuendesha mota) zimalize chaji kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, pima kwa mita kuhakikisha ni sifuri, na vaa glavu za mpira za volti 1000 ambazo umezijaza hewa kuangalia kama zina tundu. Zile za naitraili hazizuii umeme.

FundiMtulivu

Kwenye ile pampu ya breki, jaribio la kufanya kabla ya kutoka gereji: washa, subiri pampu ivute hewa tangini hadi ijizime, kisha izimie umeme kabisa. Kanyaga pedeli. Tangi la akiba zuri linakupa angalau mikanyago miwili au mitatu laini kabla pedeli haijawa ngumu. Ikiwa ngumu tangu wa kwanza, valvu ya kuzuia hewa isirudi imefungwa kinyume au kuna hosi inavuja. Na pampu ikiwaka yenyewe kila baada ya sekunde chache bila mtu kugusa pedeli, ni uvujaji huohuo, anza kutafuta kwenye maungio ya hosi ya servo.